Adabu ya Lucius katika Juliasi Kaizari

Wahakiki wa Juliasi Kaizari hushughulika zaidi na wakubwa: Kaizari mwenyewe, Brutus, Cassius na Antony. Lucius, mtoto anayemtumikia Brutus, huachiwa mstari mmoja mwishoni mwa orodha ya wahusika, kwamba ni mtiifu na mwenye adabu. Maelezo hayo si ya uongo, lakini hayatoshi. Adabu ya Lucius ni kipimo kilichowekwa kando ya Brutus, na msomaji asiyekitumia hawezi kumhukumu Brutus kwa haki.

Yafaa ikumbukwe kwamba visa vikubwa vya mchezo huu Shakespeare alivitoa katika maandishi ya Plutarch, lakini mtoto huyu hayumo humo. Amebuniwa. Mtunzi haongezi mtu jukwaani bila ya haja, na haja yenyewe huonekana mtu akifuata kazi anazotumwa Lucius.

Katika Tendo la Pili, usiku wa kuamkia mauaji, Lucius anaamshwa usingizini na kutumwa mara kwa mara. Anawasha taa. Analeta barua aliyoikuta dirishani. Anatazama kalenda na kuleta tarehe. Kisha anawafungulia mlango wageni, baada ya kueleza kwamba hakuwatambua kwa kuwa wamejifunika nyuso. Taa, barua, tarehe na mlango: hakuna hata kimoja ambacho njama ingeweza kukikosa, na vyote vinapita katika mikono ya mtoto asiyejua lolote. Barua ile ni ya hila. Imeandikwa kwa mpango wa Cassius ili Brutus adhani kwamba Roma yote inamlilia. Sumu inaingia nyumbani ikiwa imebebwa na heshima. Baadaye Portia naye anamtuma akimbie hadi Kapitoli, na mtoto analazimika kuuliza, kwa upole, akifika huko afanye nini. Anatiishwa bila ya kuelezwa.

Laiti mchezo ungeishia hapo, Lucius angekuwa chombo tu. Lakini katika Tendo la Nne, hemani, uhusiano unageuka. Brutus anakuta kitabu katika mfuko wa vazi lake baada ya kudhani kwamba mtoto ndiye aliyekiweka mahali pengine, naye bwana anamwomba mtoto amvumilie kwa usahaulifu wake. Anamwomba ampigie muziki, na mtoto anaposinzia, hamgombezi. Anakiondoa chombo taratibu kisije kikavunjika. Mara mzimu wa Kaizari unatokea. Brutus anapomwamsha Lucius, mtoto anasema kwa usingizi kwamba nyuzi zimeharibika sauti, na alipoulizwa, hakuona chochote. Mwenye dhamiri safi amelala. Mwenye kuua rafiki yake yu macho. Hapo ndipo kipimo kinaposomeka. Brutus ni mtu awezaye kumhurumia mtoto aliyechoka, na mtu huyohuyo alimchoma kisu aliyempenda. Bila ya Lucius, upande wa kwanza ungebaki maneno ya kusifiwa na wengine tu.

Tatizo linaanza pale mchezo unapoingia katika Kiswahili. Mwalimu Nyerere aliitoa tafsiri yake mwaka 1963, akairekebisha na kuitoa tena mwaka 1969. Mfasiri yeyote wa mchezo huu hukabiliwa na jambo moja la lugha. Kiingereza cha Shakespeare kilikuwa na viwakilishi viwili vya nafsi ya pili, kimoja cha ukaribu na kingine cha heshima. Hemani Brutus humsemesha mtoto kwa kile cha ukaribu, naye mtoto humjibu kwa kile cha heshima. Kiswahili Sanifu humwita mtoto na mfalme kwa "wewe" ileile. Kwa hiyo heshima yote hubidi ihamie kwingine: katika itikio la "Naam", katika kusema "ulete" badala ya "lete", katika "mwanangu", na zaidi ya yote katika neno "Bwana".

Neno hilo halisikiki sawa kila mahali. Chukuliwe darasa la Kathonzweni, huko Makueni, katika barabara ya kutoka Wote kwenda Makindu. Nyumbani hapo huzungumzwa Kikamba. Kiswahili ni lugha ya shule, soko na ofisi. Katika Ukambani, "Bwana" lilisikika kwa nguvu katika kambi za jeshi la Keya, ambamo Wakamba waliandikishwa kwa wingi hasa wakati wa Vita Kuu ya Pili, na katika mashamba na nyumba za walowezi. Lilikuwa neno la kupokea amri. Mwanafunzi aliyerithi mwangwi huo anaweza kumsikia Lucius akijibu "Bwana" na mara moja akamwona "boi" wa mzungu. Akimwona hivyo, adabu inakuwa woga, tukio la hemani linakuwa ubwana mwema tu, na kipimo kinapotea. Wahenga walisema heshima si utumwa. Lakini lugha ya amri haikuwahi kutofautisha viwili hivyo.

Dawa yake si kulifuta neno. Dawa iko katika uigizaji na ufundishaji. Mwigizaji wa Brutus amsemeshe Lucius kama mzazi amsemeshavyo mwana, na ile radhi ya kitabu isipitwe haraka, kwa maana ndiyo inayoonyesha kwamba heshima hapa inakwenda na kurudi. Alinganishwe pia na Strato, ambaye mwishoni anaombwa amshikie Brutus upanga. Strato anaomba kwanza kupewa mkono, kisha anatii akijua anachokitenda. Lucius, aliyetii bila ya kujua, hatajwi tena katika mapigano ya Philippi.

Hapana shaka kwamba swali la mtihani linalosema "Taja sifa za Lucius" litajibiwa kwa maneno mawili na kusahaulika. Swali lenye manufaa zaidi kwa darasa la Kathonzweni, au la mahali popote watoto wanapofunzwa kutii, ni hili: adabu ya mtoto huyu ilimfaa nani, na ni nani aliyemwambia barua ile ilikuwa na nini?