Mgongano wa Vizazi na Majibu Yetu ya Mtihani

Neno "mhenga" limenifikia mapema mno. Kwenye kamusi, mhenga ni mtu wa kale mwenye busara, yule tunayemtaja kabla ya kutoa methali. Kwa Kiswahili cha mitandaoni, mhenga ni yeyote anayekumbuka tulivyokuwa tunarudisha mkanda wa kaseti kwa kalamu ya Bic. Sijafika miaka 40 na tayari naulizwa habari za zamani kana kwamba nilipigana na Wajerumani bega kwa bega na Mkwawa. Sisi nasi hatukai kimya. Tunasema watoto wa TikTok hawasomi, hawana subira, wanajibizana na wakubwa. Maneno hayohayo tuliambiwa sisi, ila wakati huo tuliitwa watoto wa dotcom.

Utani huo sina ugomvi nao. Ninachogombana nacho ni jinsi ulivyohamia kwenye uhakiki. Chukua maoni ya wasomaji juu ya riwaya yoyote mpya ya Kiswahili. Hufiki mbali kabla hujakutana na "kizazi hiki". Kitabu kikichosha, ni kizazi hiki. Kikisifiwa, basi mwandishi "ameandika kama wa zamani". Na tabia hii tuliifundishwa darasani. Aliyesoma sekondari Tanzania anaijua: swali likiuliza migogoro iliyomo kwenye kitabu, unaandika "mgongano kati ya kizazi cha zamani na kizazi kipya", unatoa mfano mmoja, unachukua alama zako. Jibu lile lilitufaulisha. Shida ni kwamba vitabu vyenyewe havikusema hivyo.

Tuanze na kile ambacho wengi wetu tulikishika mikononi, Kilio Chetu. Tamthilia ile ya Medical Aid Foundation iliandikwa kwa ajili ya watoto wa rika langu hasa, enzi za UKIMWI. Suzi anapata mimba, Joti anakufa, na kilio ni cha vijana wasioambiwa kitu na wazazi. Hapo mwalimu aliandika ubaoni: mgongano wa vizazi. Lakini kumbuka wazazi wenyewe. Mama Suzi hataki kusikia habari ya kumfundisha binti yake mambo ya mwili. Baba Anna anaona mtoto aelezwe wazi, na Anna anaelezwa. Hao wawili ni wa rika moja. Wangeweza kuhudhuria harusi moja na kuimba nyimbo zilezile. Mgogoro mkubwa wa tamthilia ile uko kati yao, na watoto ndio wanaolipa. Sikumbuki hata siku moja tukiambiwa tuandike hivyo.

Fasihi yetu ina asili ya mkubwa kusema na mdogo kusikiliza. Mwana Kupona alipomtungia binti yake utendi, katikati ya karne ya 19, alikuwa mgonjwa na alijua hana muda. Shaaban Robert naye alimtungia bintiye Hati na mwanawe Adili. Ule ni wosia, na wosia si hukumu. Anayeusia anaogopa: ataondoka, mtoto atabaki na dunia. Watu wa leo wanaposoma tenzi hizo na kuziona kama fimbo ya wazee, nadhani wanakosa ile hofu iliyo ndani yake. Ila ni kweli kwamba mtoto hajibu. Binti wa Mwana Kupona hana hata ubeti mmoja.

Aliyempa mtoto nafasi ya kujibu, na kwa sauti kubwa, ni Euphrase Kezilahabi katika Rosa Mistika, mwaka 1971. Kitabu kilipigwa marufuku mashuleni kwa muda, kisha kikarudi na kuwa cha kufundishia. Muhtasari wa darasani ni huu: Zakaria, baba mlevi na mkali, anampiga Rosa kwa sababu ya barua ya mvulana; Rosa anakua akiwaogopa wanaume; akifika chuoni anafunguka kupita kiasi na kuharibikiwa. Mzazi mkali huzaa mtoto mpotovu. Mgongano wa vizazi, alama 5.

Nimekisoma tena mwaka huu, na nilichokiona zaidi ni orodha ya wanaume. Zakaria yumo, tena siwezi kumtetea. Lakini kuna mtu wa serikali mwenye cheo. Kuna mkuu wa chuo na mwanafunzi wake. Halafu kuna Charles, kijana wa umri wake, mwandishi wa barua ileile aliyopigiwa Rosa. Huyu ndiye anayemwacha mwishoni kwa sababu si bikira. Yaani sheria ngumu kuliko zote katika kitabu kile, ile inayomuua Rosa, haitamkwi na mzee yeyote. Inatamkwa na kijana msomi aliyependwa. Mtu akiniambia riwaya hii inahusu wazee dhidi ya vijana, nitamwomba anieleze Charles anakaa upande gani.

Kezilahabi hakuridhika kuwaacha wafu wapumzike. Baada ya vifo vyao anawafikisha baba na binti mbele ya hukumu ya Mungu, na kila mmoja ana la kusema juu ya mwenzake. Kwa mwandishi aliyekuwa bado chini ya miaka 30, ni uthubutu wa ajabu. Wapo wanaoiona sura hiyo kama kiraka. Mimi naiona kama sehemu pekee katika riwaya zetu za wakati ule ambapo mzazi na mtoto wanasimama sakafu moja, bila mmoja kuwa na fimbo.

Kichwamaji, ya mwaka 1974, inalisema jambo hili wazi zaidi. Kazimoto, mwanafunzi wa Chuo Kikuu, anatafuta kazi ya likizo. Anakwenda ofisi ya mkuu wa wilaya, na mkuu huyo ni Manase, mwenzake wa utotoni. Manase anamfanya asubiri. Baadaye tunajua ni Manase aliyempa mimba Rukia, dada yake Kazimoto. Tumezoea kumwita Kazimoto "kijana aliyevurugwa na elimu ya kizungu, aliyekatika na wazee wake". Sawa, kijijini hana pa kushika. Lakini aliyemuumiza ni wa rika lake, amecheza naye, amesoma kama yeye. Tofauti yao ni kwamba mmoja yuko ndani ya ofisi na mwingine yuko nje.

Na Kezilahabi hakuokota jambo hili hewani. Alihitimu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1970. Miaka michache kabla yake, Oktoba 22, 1966, wanafunzi waliandamana kupinga utaratibu wa Jeshi la Kujenga Taifa na makato makubwa ya mshahara yaliyoambatana nao. Mwalimu Nyerere aliwafukuza takriban 400. Simulizi tuliyorithi ni ya baba wa taifa na watoto wasio na shukrani. Lakini Mwalimu siku ile alikuwa na miaka 44, umri ambao wakubwa wa kizazi chetu cha milenia wameshaufikia. Na alipowasikia wanafunzi wakisema viongozi wanaishi vizuri mno, alikubali kwamba mishahara ya juu imezidi na akapunguza wa kwake. Ugomvi ulikuwa wa nani ale nini katika nchi maskini. Umri ulikuwa nguo tu iliyovalishwa ugomvi huo.

Hata ule mgogoro maarufu wa ushairi, ambao tunausimulia kama wazee wa vina na mizani dhidi ya vijana wa mashairi huru, ukiuchunguza unavunjika. Kezilahabi, mzaliwa wa 1944, alitoa Kichomi mwaka 1974 na kuvunja vina. Mwaka mmoja kabla, Abdilatif Abdalla, mzaliwa wa 1946, alitoa Sauti ya Dhiki, mashairi aliyoyatunga gerezani Kenya, alikofungwa kwa kijitabu chake Kenya: Twendapi? Anayeshika vina na mizani ni huyu mdogo wa miaka miwili. Na nani atathubutu kumwita mhafidhina mtu aliyefungwa kwa kuuliza nchi inakwenda wapi? Kitabu hicho kilipata tuzo iliyobeba jina la Jomo Kenyatta, rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga. (Hapo huwa nacheka peke yangu.) Vijana wawili walichagua njia mbili, na kila mmoja alikuwa na sababu zake za kisanaa. Tukisema "wanamapokeo ni wazee, wanausasa ni vijana", tunajinyima kusoma sababu hizo.

Sasa turudi kwetu. Wamarekani wana kalenda yao: milenia ni waliozaliwa 1981 hadi 1996, Zedi wanafuata. Kalenda hiyo tumeichukua nzimanzima, lakini sisi tulikuwa na jina letu. Tuliitwa kizazi kipya, na muziki tuliousikiliza ukaitwa muziki wa kizazi kipya, ingawa waliouimba mwanzoni, kina Profesa Jay na Mr. II, walikuwa kaka zetu waliozaliwa miaka ya 1970. Waliambiwa ni wahuni. Baadaye wote wawili wakawa wabunge. Leo mashabiki wao wa zamani wanalalamika kwamba singeli ni kelele.

Na je, sisi tuliozaliwa miaka hiyo ni kitu kimoja? Tulizaliwa Azimio la Arusha likiwa hoi, tukakulia kwenye soko huria la Mzee Ruksa. Wapo waliosoma shule za kulipia, wakaongea Kiingereza hadi na paka wa nyumbani. Wapo wa Mtakatifu Kayumba na shule za kata, madarasa yaliyojaa na mwalimu mmoja wa hisabati. Wapo waliofika chuo kwa mkopo wa Bodi, na hadi leo makato yanatangulia kwenye mshahara kabla yao. Wapo wenye shahada wanaoendesha bodaboda. Ukisema "milenia ni wavivu" au "milenia walidhulumiwa", unamsemea nani kati ya hao? Kenya nao, baada ya vijana kuingia bungeni Juni 25, 2024, ilivuma kauli kwamba waliowatangulia walinyamaza tu. Boniface Mwangi, mzaliwa wa 1983, alikuwa tayari amepeleka nguruwe nje ya bunge hilohilo mwaka 2013. Simulizi ya vizazi ikishapata umbo lake, haina pa kumweka mtu kama huyo.

Said Ahmed Mohamed aliliona hili katika Babu Alipofufuka. Babu anatoka kwa wafu kumkabili mjukuu wake, K, kigogo katika nchi iliyooza. Kwa juu ni mzee kumsuta kijana. Lakini anachosutwa nacho K ni cheo na matumizi ya cheo, na babu anamlazimisha kuona watu wanavyoishi. K angekuwa mzee wa miaka 80 kwenye kiti kilekile, babu angefufuka vilevile.

Haya si mambo ya kujadili kahawani tu. Mwaka jana nilikaa kwenye kikao cha kuchagua hadithi za mkusanyo mmoja. Wengi tuliokaa pale tulikuwa wahenga wa juzi, watu wa miaka 30 na kitu, yaani sasa funguo tunazo sisi. Ilikuwepo hadithi ya binti wa miaka 22, yote ikiwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp: msichana wa Tandika anamtumia mama yake aliyekwenda Oman kufanya kazi za ndani. Anamweleza ada ya mdogo wake, mwenye nyumba, bibi anavyosahau majina. Kisha, polepole, anaanza kumuusia. Mama ale vizuri. Mama asikubali kulala jikoni. Nilishtuka: huu ni utendi wa Mwana Kupona uliogeuzwa, mtoto anamtungia mzazi. Mwenzetu mmoja akasema, "Hawa ni kizazi cha TikTok, hawawezi kukaa na wazo moja." Watu wakacheka, tukaenda hadithi inayofuata.

Nilipinga, nikashindwa kwa kura. Na hadithi ile ina kasoro za kweli. Katikati inalegea, ujumbe wa nne na wa tano unarudia jambo moja. Mizaha miwili ya mtandaoni itakuwa imechacha kabla ya mwaka kwisha. Kubwa zaidi, mama hajibu hata mara moja, na hatuelezwi kwa nini. Kimya hicho kinaweza kuwa uamuzi au kinaweza kuwa uzembe, na msomaji hawezi kujua. Hayo ndiyo maswali ambayo kikao kingemuuliza mwandishi. Hakuna aliyemuuliza, kwa kuwa umri wake ulikuwa umeshajibu.

Nilimwandikia mwenyewe baadaye nikamuuliza. Akanijibu, "Shikamoo dada. Mwajiri kamnyang'anya mama simu, ndiyo maana kuna alama moja tu ya tiki kwenye kila ujumbe. Sentensi yake ilikuwepo. Niliikata ili nisizidishe idadi ya maneno mliyotaka."