Tundu Lile Lilitobolewa Ukuta Usio Wake

Katika sehemu ya tatu ya kile kipindi cha kujenga chumba cha uyoga, pale fundi alipochora kwa chaki duara la pili chini ya feni, nilinyanyuka kwenye kiti. Mlioitazama mnakumbuka. Feni ya inchi 6 imeshakaa juu, karibu na dari, ukuta wa uani. Fundi anashuka ngazi, anapima shubiri mbili chini yake, anashika patasi. Tundu la kuingizia hewa likatobolewa sentimita 40 kutoka lile la kutolea, ukuta ule ule. Chumba cha uyoga kiliharibikia hapo, na sehemu zote zilizofuata zilikuwa mavuno ya kosa hilo.

Sababu aliitaja mwenyewe. Ukuta mmoja umepakana na sebule, wa pili na jirani, na ule wenye mlango, unaotazama barazani, ulikuwa umeshapigwa lipu na kupakwa chokaa, hakutaka kuuchafua. Chokaa! Debe moja la chokaa likapewa uzito kuliko mifuko 120 ya uyoga wa mamama.

Hewa haizunguki chumbani kwa kuwa umeiwekea feni. Inafuata njia iliyo rahisi. Ukiipa mlango wa kuingia na wa kutokea iliyokaribiana hivyo, itaingia, itapanda, itatoka, na kona ya mbali haitajua kama umeme upo au umekatika. Feni itanguruma mchana kutwa, uniti za Luku zitaliwa, na wewe utaamini chumba kinapumua.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba ushahidi waliutoa wao wenyewe. Baada ya kuwasha feni, mtangazaji alileta kijiti cha udi akakishika mbele ya tundu la kuingizia. Kamera ilisogea karibu sana. Moshi ulijikunja, ukapanda kama uzi uliovutwa, ukaingia kwenye feni ndani ya sekunde mbili tatu. Wakapiga makofi. Jamani, ule moshi ulikuwa unawaonyesha kosa! Moshi wa udi unaoingia chini ya chumba kinachopumua vizuri hutambaa sakafuni, hupita kati ya mifuko, hupotea machoni, ndipo uusikie kwa pua huko nje kwenye feni. Laiti angekipeleka kijiti kile kona ya nyuma, kule kwenye safu ya mwisho, angeona moshi umesimama wima kama chumbani hakuna feni kabisa.

Na kosa halikuishia ndani. Matundu mawili yakikaa ukuta mmoja, nje nako yanakaa ukuta mmoja. Hewa iliyotemwa na feni, pamoja na vumbi la uyoga uliokomaa, inashuka na kuvutwa tena na tundu la chini. Sehemu ya tano waliufungua wavu wa tundu hilo ukiwa na unga mweupe, laini kama poda ya mtoto, na mtangazaji akasema ni vumbi la barabarani. Sivyo. Ule unga ulikuwa ni uyoga wenyewe, unarudi nyumbani. Na unga huo si wa kuchezea: ukiuvuta miaka na miaka unaumiza mapafu, ndiyo maana wanaovuna vyumba vikubwa huvaa barakoa.

Ukubwa wa tundu nao ulinisikitisha. Feni ya inchi 6 ina uwazi wa sentimita za mraba 182 hivi. Tundu la kuingizia lilikuwa bomba la inchi 4, yaani 81 tu, chini ya nusu, kisha likafunikwa wavu unaokula sehemu ya hizo. Kanuni ya siku zote ni kinyume: pa kuingilia pawe pakubwa kuliko pa kutokea. Ndiyo sababu mlango ulikuwa unavutika kila fundi alipotaka kuufungua, mliona alivyokuwa akiusukuma kwa bega kutoka ndani.

Kazi nyingine ilikuwa safi: feni yenyewe ilichaguliwa sawa kwa chumba cha mita za ujazo 30, ilikalishwa kwenye vipande vya mpira isitikise ukuta, saa ya kuiwasha na kuizima ilipangwa vizuri, na mlango ulizibwa pembeni kwa mpira barabara. Ila hata huo mpira wa mlango, katika chumba hiki, ulifunga upenyo pekee ambao ungeweza kuleta hewa kutoka upande wa pili.

Hapa niwakumbushe jambo ambalo nimeliandika mara nyingi hadi baadhi yenu mmelichoka. Uyoga hupumua kama sisi: unavuta oksijeni, unatoa hewa ukaa. Katika chumba cha giza, utando unapotambaa ndani ya mfuko, hewa ukaa nyingi si tatizo. Ukishahamia chumba cha mwanga na vichwa vinaanza kuchomoza, mamama unataka hewa ukaa isizidi sana sehemu 1,000 katika milioni, wakati hewa ya nje ina kama 420. Ikizidi, shina linarefuka kutafuta hewa na kofia inadumaa. Kwa hiyo hewa ya chumba ibadilishwe yote mara kadhaa kwa saa. Mara sita kwa chumba hiki ni mita za ujazo 180, na feni ile iliziweza.

Sasa rudieni sehemu ya sita. Safu ya mbele, chini ya feni, kofia pana kama kiganja. Safu ya nyuma, mashina marefu kama kidole cha kati na kofia ndogo kama kifungo cha shati. Fundi akalaumu mbegu. Mbegu ile ile, ya chupa zile zile, mifuko iliyojazwa siku moja! Kila chumba kikikosa hewa katika nchi hii mwenye mbegu ndiye anayesomewa mashtaka, na nimeona wazalishaji waaminifu wakipoteza wateja kwa tundu lililotobolewa vibaya.

Wako watakaosema angeongeza feni ndogo ya kuzungusha hewa ndani. Ingechanganya hewa, sikatai. Lakini ingekausha kingo za kofia, angelazimika kunyunyiza maji zaidi ili unyevu urudi kwenye asilimia 85 au 90, na angekuwa amenunua mashine ya pili ili kuepuka kutoboa tofali mbili. Mimi mwenyewe niliwahi kuuziwa feni Kariakoo yenye namba nzuri kwenye boksi, namba iliyopimwa bila bomba wala wavu. Nilipoifunga na kona mbili za bomba la mikunjo, karatasi ya daftari haikushika kwenye wavu. Tangu siku hiyo naamini tundu kabla sijaamini mashine.

Baba yangu alikausha tumbaku Urambo, katika bani la udongo lisilo na hata waya mmoja wa umeme. Lilikuwa na matundu ya chini, karibu na msingi, na matundu ya juu kwenye paa. Jani likiwa linageuka njano aliyafunga karibu yote. Likianza kukauka aliyafungua kidogo kidogo, usiku mara tatu nne, akiingiza mkono kwenye tundu la chini kusikia kama hewa inavutwa. Hakuna aliyewahi kumwambia aweke la kuingizia kando ya la kutolea. Nao waliolima uyoga katika machimbo ya mawe chini ya Paris karne ya 19 walikuwa wakiwasha moto chini ya shimo moja ili hewa iliyochoka ipande, na ile safi iingie kwa kupitia kwingine.

Fundi huyu ni kijana, mkono wake ni mzuri, na anaweza kulirekebisha kosa lake kwa nusu siku. Azibe lile tundu la chini ya feni kwa saruji. Aende ukuta wa baraza, upande wa nyuma ulio mbali na feni, atoboe sentimita 20 kutoka sakafuni, upana 20 kwa kimo 15, aweke wavu mpana anaoweza kuutoa na kuufua. Chokaa atapaka upya.

Lakini mwishoni mwa sehemu ya sita mchoro wa chumba chake cha pili ulipita kwenye skrini. Niliusimamisha nikautazama. Duara mbili, moja juu ya nyingine, ukuta mmoja. Ukuta huo bado haujatobolewa.