Nyuzi za Mji Mmoja: Uhakiki wa Mchezo wa Threads

Mabomu yaliyoangushwa Hiroshima na Nagasaki mwaka 1945 yamezaa maandishi mengi, na aghalabu maandishi hayo husimulia habari za watu waliokwisha kupigwa. Kazi zinazomwendea mtu wa kawaida katika mji usiopigwa bado, zikamtazama akiwaza kwamba huenda zamu yake inakuja, ni chache zaidi. Katika hizo chache nimechagua moja. Ni mchezo wa televisheni uitwao Threads, yaani Nyuzi, ulioandikwa na Barry Hines, ukaongozwa na Mick Jackson, na kuonyeshwa na BBC kwa mara ya kwanza Septemba 1984. Mji wake ni Sheffield, mji wa viwanda vya chuma cha pua kaskazini ya Uingereza. Hines alizaliwa mwaka 1939 karibu na Barnsley, si mbali na hapo. Basi aliowaandika walikuwa kama majirani zake.

Kisa chenyewe ni chepesi. Kijana Jimmy Kemp na mchumba wake, Ruth Beckett, wanatazamia mtoto. Wameazimia kuoana, na jioni hubandika karatasi za ukutani katika nyumba watakayohamia. Wakati huohuo Marekani na Urusi ya Kisovieti zinagombania Iran. Habari za ugomvi huo husikika redioni nyuma ya mazungumzo, wala hapana anayetega sikio. Jimmy ataka matokeo ya mpira. Wanafunzi wangu hukasirika wafikapo hapa, wakauliza: "Mbona hawakimbii?" Nami huwauliza: wakimbilie wapi, na kazi na wazazi wamwachie nani? Mtungaji hakuwafanya watu hawa kuwa wapumbavu. Ameonyesha kwamba hofu isiyo na pa kwenda humrudisha mtu kwenye shughuli zake za kila siku. Kubandika karatasi ukutani ni namna yao ya kusema kwamba kesho ipo.

Kwa maoni yangu, mchezo huu ni habari ya maneno kabla haujawa habari ya moto. Ndani yake zimo lugha mbili. Ya kwanza ni ya nyumbani: utani, manung'uniko, mashauri ya arusi. Ya pili ni ya ofisi. Mwaka 1980 serikali ya Uingereza ilitoa kwa umma kijitabu kiitwacho Protect and Survive, kilichomfunza raia kung'oa milango ya nyumba yake, kuiegemeza ukutani iwe kimbilio, na kukaa ndani siku 14. Mafunzo hayohayo husikika katika mchezo, kwa sauti tulivu kama ya mtu aelezaye mapishi. Wazazi wa Jimmy hutii, wakahangaika na milango na magodoro. Nao maofisa waliowekwa kuuongoza mji katika maafa hufukiwa na kifusi chini ya jumba la manispaa, wakabishana juu ya chakula na mafuta, mpaka wakafa kwa kukosa hewa. Hines hawadhihaki. Msiba wao ni kwamba lugha waliyopewa haikuwa na neno la jambo lililowafika.

Hapa ndipo mchezo huu unapoipita filamu ya Kimarekani ya The Day After, iliyoonyeshwa mwaka mmoja kabla, Novemba 1983, juu ya mji wa Lawrence katika jimbo la Kansas na jirani zake. Filamu hiyo nayo ina huruma ya kweli; lakini mwishoni humwandikia mtazamaji ilani kwamba mambo yenyewe yangekuwa mabaya zaidi. Threads haihitaji ilani hiyo, kwani imeyaonyesha. Sisi husema, wapiganapo tembo nyasi huumia. Lakini methali yetu ina faraja iliyofichika, kwa kuwa nyasi zilizokanyagwa huota tena mvua inyeshapo. Katika mchezo huu mvua yenyewe ina sumu. Methali haikukosea, ila ilitungwa kwa tembo wengine.

Baada ya shambulio Jimmy haonekani tena. Ruth humzaa binti peke yake, katika banda. Binti huyo, Jane, akua na watoto wenziwe wakisema vipande vya maneno tu. Twawaona wamekaa mbele ya mkanda wa zamani wa mafunzo ya shule, wakiitazama picha inayowafundisha maneno. Ruth afapo, Jane hana neno la kumlilia.

Hapa, kwa kuwa lugha ndiyo kazi yangu, sina budi kumpinga mtungaji. Watoto hawarithi ufukara wa maneno kwa wepisi hivyo. Mara nyingi wazee wametupa watoto vijineno vya kuungaunga, nao wakavigeuza lugha kamili. Kule Nicaragua, tangu miaka ya mwisho ya 1970, watoto viziwi waliokusanywa shuleni waliunda lugha yao ya ishara kwa mikono yao wenyewe. Kwa hiyo, kama hoja ya elimu, Jane hasadikiki. Lakini kama taswira, asadikika sana. Lugha huhitaji mtu wa kuzungumza naye, na mama yake alikuwa amekwisha kunyamaza.

Mwishoni Jane ajifungua. Aonyeshwa mtoto wake, afungua kinywa, na picha yasimama kabla ya kilio. Mchezo ulioanza kwa redio isiyosikilizwa waisha kwa kinywa kisichosikika.

Kazi hii haijazeeka. Silaha hizo zingali duniani kwa maelfu, na vijitabu vingali vikiandikwa. Serikali ya Sweden iligawa chake majumbani mwaka 2018, na tena mwaka 2024. Si kazi ya mhakiki kuamua kama vijitabu vyaokoa watu. Awezalo ni kuuliza vimeandikwa kwa lugha ya nani, na kama yule abandikaye karatasi ukutani atajitambua ndani yake. Hines alijitahidi ajitambue, na hiyo ndiyo sababu ya mimi kuendelea kuufundisha mchezo huu, ijapokuwa kila mwaka wako wanafunzi waniombao niuache.