Zege Pembeni, Lami Katikati

Sina haja ya kuwaeleza wasomaji wa safu hii namna kiwanja cha ndege cha Wellcamp, karibu na Toowoomba katika Queensland, kilivyojengwa na akina Wagner na kufunguliwa Novemba 2014, wala namna zege lao la slagi, yaani taka za tanuri la chuma, na majivu ya makaa ya mawe, lisilotiwa hata konzi moja ya saruji ya Portland, lilivyotandazwa hapo. Walakini jambo ambalo sijapata kulisamehe, na ambalo hata leo naliona kuwa ni taksiri iliyo dhahiri, ni ule uamuzi wa kuitandika njia yenyewe ya kurukia kwa lami.

Watu hawa walikuwa na mitambo ya kuchanganyia pale pale kiwanjani, na mafundi waliokwisha kuzizoea tabia za zege hilo, ambalo hunata kwenye mwiko kama uji wa sembe; wakalimwaga kwenye maegesho, wakalimwaga kwenye njia ya kupitia na kwenye kigeuzio, kisha walipozifikia zile mita 2,870 ambazo ulimwengu mzima ungezitazama, wakaliweka kando, wakaita lami.

Jawabu la wahandisi nalijua, na nimelisikia hata likanichosha: kwamba ndege hukandamiza zaidi pale isimamapo na pale igeukapo, kwamba mafuta yadondokayo huila lami, na kwa hiyo zege huwekwa hapo, na lami hutosha pale ndege ipitapo kwa kasi. Kwa kiwanja cha kawaida hoja hiyo haina dosari. Lakini Wellcamp ilijengwa mbele ya mahakama ya wahandisi wenye shaka, na zege lililokwisha kupewa mahali pagumu lilinyimwa mahali pepesi, ambapo ndipo lingetolea ushahidi ulio wazi kwa kila abiria. Tupige hesabu: njia hiyo ina upana wa mita 45, na kwa unene ule ule wa milimita 435 uliotumika kwenye maegesho ingemeza takriban mita za ujazo 56,000, ilhali zege lote la namna hiyo lililotumika kiwanjani lilikuwa kama 40,000. Ni zigo kubwa, sikatai, na hata unene ukipunguzwa bado gharama ingepanda. Illa mwenye kuogopa gharama hajengi kiwanja cha ndege kwa mfuko wake.

Zege lenyewe lilikuwa jema, na Boeing 747 za mizigo za Cathay Pacific zilipoanza kutua mwaka 2016 ndilo lililozibeba kwenye maegesho.

Wazee wa Kiev, waliolitangulia zege la namna hii, hawakuwa na haya hizo. Viktor Glukhovsky, aliyeifungua njia ya slagi na alkali katika miaka ya 1950, alilea wanafunzi ambao zege lao lilizikwa katika mfereji mkuu wa maji huko Odessa mwaka 1966, likafanywa mataruma ya reli mwaka 1988, na huko Magnitogorsk, mwaka 1984, likatandikwa kuwa barabara yenyewe, ya kupitisha malori mazito. Si ukingo wa barabara, wala si mahali pa kugeuzia malori.

Na wazee hao, waniwie radhi waliochoka kunisikia, aghalabu waliiamsha slagi yao, ipate kushika kama saruji, kwa alkali ya magadi. Warithi wao wa leo wamependa mno sodiamu siliketi, ambayo hupatikana kwa kuyachukua magadi hayo hayo na kuyayeyusha pamoja na mchanga katika tanuri linalozidi nyuzi 1,000, hewa ukaa ikitoka njiani, kisha huja kutuhesabia hewa ukaa waliyoiepusha! Magadi huchelewa kushika, ni kweli, na kwenye baridi huchelewa zaidi. Lakini sisi tulio jirani na Ziwa Magadi la Kenya, ambako yamechimbwa kwa zaidi ya karne, hatuna udhuru wa kuifuata kasumba hiyo.

Tukirudi Wellcamp, lami haina umri mrefu, na kila baada ya miaka kadhaa haina budi kukwanguliwa na kutandikwa upya. Zamu hiyo ikifika, mwenye kiwanja na mwenye zege wakiwa ni wa nyumba moja, nitataka kusikia ni udhuru gani safari hii.