Kamera ya kwanza ya kwenda nayo Burgao

Wauza kamera wa Luthuli Avenue, Nairobi, na wenzao wa Deira, Dubai, hukuonyesha kwanza tarakimu iliyochapishwa ubavuni mwa mashine: inavuta picha mara 30, mara 60, mara 2000. Mteja aliyejikusanyia dola 300 za kamera yake ya kwanza ya video mara nyingi huchukua yenye tarakimu kubwa. Anayelipia uchaguzi huo ni bibi aliyerekodiwa: uso wake unaonekana vizuri, midomo inacheza, na maneno yote yamechukuliwa na upepo. Kwa familia inayotaka kurekodi watu wake, mimi naanza na sauti, nafuata na mahali picha zitakapokaa, na lenzi naiweka ya tatu.

Nimeitaja Burgao makusudi. Kijiji kiko kwenye mlango wa hori lenye mikoko, kusini mwa Kismayo nchini Somalia, kabla hujafika Ras Kiamboni, na kutoka hapo kuelekea Kismayo vimejipanga visiwa vya Wabajuni: Koyama, Ngumi, Chovai, Chula. Waingereza walipaita Port Durnford, na Wajerumani wakapabandika jina la ukoo wa mfalme wao, Hohenzollern, katika miaka ya 1880. Mtafiti wa Kiitaliano Vinigi Grottanelli, aliyechapisha mwaka 1955 kitabu kikubwa kuhusu wavuvi wa Kibajuni, ni miongoni mwa waliotafuta papa hapa Shungwaya, chimbuko la watu wa pwani linalotajwa katika masimulizi. Serikali ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, Wabajuni wengi walikimbia kwa majahazi hadi Lamu na Mombasa, wakawekwa kwenye kambi kama ya Jomvu, na baadaye wengine wakafika Yemen na Ulaya. Watu wa kijiji kimoja sasa wanaoana na kuzikana katika nchi nne tofauti. Kwao video ni barua, tena ni kumbukumbu ya lugha. Nchini Uingereza swali la nani anajua Kibajuni limefikishwa mpaka mbele ya mahakama za uhamiaji. Katika kesi moja ya mwaka 2004 uwezo wa kukisema ulijadiliwa kama ushahidi wa asili ya mtu. Saa moja ya mzee akisimulia kwa lafudhi ya Chula ina uzito ambao picha kali bila sauti haiwezi kuufikia.

Basi tuanze na sauti. Maiki iliyojengwa ndani ya kamera ndogo iko pale ilipo kamera, yaani mita mbili au tatu kutoka mdomoni mwa msemaji, na kati yake na mdomo huo kuna upepo wa kusi au wa kaskazi, kutegemea mwezi. Kanuni yenyewe ni nyepesi: kila umbali unapopungua nusu, nguvu ya sauti inayofika kwenye maiki huongezeka mara nne. Kutoka mita mbili hadi sentimita 25 umepunguza nusu mara tatu, kwa hiyo umepata mara 64. Hakuna kamera ya bei yoyote itakayokupa hayo kwa maiki yake ya ndani. Maiki ya kubana kwenye kola, yenye waya wa mita kadhaa, huuzwa kwa bei ya chakula cha watu wawili hotelini. Ibane kwenye kanzu au kwenye pindo la leso, shibiri moja chini ya kidevu, ivishe kipande cha sponji, na mkalishe msemaji kwenye baraza iliyokingwa na upepo.

Lakini maiki hiyo inataka tundu, na hapo ndipo wauzaji wanaponyamaza. Sony HDR-CX405, moja ya kamera ndogo zilizouzwa sana kwa wanunuzi wa mara ya kwanza, haina tundu la maiki. Canon za familia ya HF R, za bei isiyopishana nayo sana, zinalo. Kwa jambo hilo moja mimi ningeiacha ya kwanza kaunta, hata kama inavuta mara 30 kwa lenzi nzuri. Tazama pia kama kuna tundu la hedifoni, kwa sababu waya wa maiki huchomoka kidogo bila mtu kuona, na ukirudi Mombasa unakuta nusu saa ya kimya.

Kuna mtego mwingine hapo kwenye plagi. Maiki nyingi za kola zilizojaa Kariakoo na River Road zimetengenezwa kwa simu. Shika plagi uitazame: ikiwa na pete tatu nyeusi ni ya simu, ikiwa na pete mbili ni ya kamera. Ukichomeka ya pete tatu kwenye kamera unaweza kupata mnong'ono, mkwaruzo au kimya kabisa. Kuna kipande kidogo cha kubadilishia, lakini ni kitu cha kupotea mchangani. Nunua ya pete mbili.

Halafu uelewe tabia ya mashine yenyewe. Karibu kamera zote za bei ya chini hujipandishia na kujishushia sauti zenyewe. Mzee akinyamaza kidogo akitafuta jina la nahodha wa zamani, kamera husikia kimya na kujifungua zaidi, na bahari inapanda mpaka inaunguruma. Mzee akirudi, silabi zake za kwanza zinagonga kwa nguvu kabla mambo hayajatulia. Kwenye ngoma ya kirumbizi huwa kinyume: zumari ikilia karibu, kamera inajibana, na waimbaji wa nyuma wanazama. Kwenye vugo la wanawake kila pembe ya nyati inapogongwa wimbo hushuka kwa nukta ya sekunde, kisha hupanda tena, na anayesikiliza huchoka bila kujua kinachomchosha. Kama kamera ina menyu ya kuweka kiwango cha sauti kwa mkono, hiyo ni sababu ya kuongeza dola 20. Kama haina, simama mbali na zumari na karibu na waimbaji. Chaguo la kupunguza upepo lililomo kwenye menyu hukata ngurumo za chini. Liwashe ukiwa nje, lizime kwenye ngoma, maana litakula mlio wa chini wa ngoma nao.

Mwanga ni shida nyingine, na Burgao inayo ya aina mbili. Nje kuna mchanga mweupe, kanzu nyeupe na bahari inayometameta. Kamera hupima wastani wa vyote hivyo, huona mwanga umezidi, hufunga lenzi, na uso wa mvuvi unageuka kivuli chenye meno. Dawa yake ni kamera inayokuruhusu kugusa uso kwenye kioo ipimie hapo, au angalau yenye kitufe cha kurekebisha mwanga wa nyuma. Ndani ya nyumba ya makuti mambo hugeuka. Mwanga unaingia mlangoni tu, na kihisi kidogo cha kamera ndogo, chenye upana wa milimita chache, kinajaza picha chembechembe. Taa za kununua si lazima. Mgeuze bibi autazame mlango, nawe upe mlango mgongo, upandeupande usimzibie.

Kuvuta picha tulimalize haraka. Mvuto wa lenzi ni wa kweli: vioo vinasogea, picha inabaki kali. Mvuto wa kidijitali, ule wa mara 2000, ni kompyuta inayokata kipande cha katikati na kukitanua. Mara 20 za lenzi zinatosha kuona mashua ikikunja tanga kutoka ufukweni, na zaidi ya hapo mkono wenyewe unatetemeka. Nunua mguu wa kusimamishia kamera.

Enzi za kaseti kulikuwa na kosa lililogharimu zaidi ya haya yote, na halijafa. Kenya, Tanzania, Oman na Emirati zilitumia mfumo wa PAL, mistari 625 na picha 25 kwa sekunde. Marekani, Kanada na Japani zilitumia NTSC, mistari 525 na picha takriban 30. Ndugu wa Toronto alipotuma kamera kwa mapenzi yake yote, kaseti ya harusi ilipofika kwenye deki ya Mombasa ilitoa picha isiyo na rangi inayopanda kama pazia. Ndiyo maana deki za mifumo yote miwili kutoka Dubai zilithaminiwa sana. Leo faili huchezeka popote, lakini kamera nyingi ndogo zilizouzwa Marekani bado zimefungwa kwenye hezi 60, na umeme wa pwani yetu ni wa hezi 50. Chini ya taa za ukumbi wa Mombasa unaweza kuona mistari ya giza ikitembea juu ya maharusi. Kabla ya kununua mtumba, fungua menyu uone kama ina 50i au 50p au 25p. Kama haina, acha.

Nje ya Burgao kuna sheria nyingine ya ununuzi ambayo matangazo hayaijui, nayo ni ya wanawake. Katika harusi za pwani, Lamu na Mombasa, shughuli za ndani ni za wanawake peke yao, na picha zake hazitakiwi kuonekana na wanaume wa nje. Mtafiti Heike Behrend, katika kitabu chake cha mwaka 2013 kuhusu upigaji picha wa pwani ya Afrika Mashariki, ameeleza kwa urefu wasiwasi huo wa nani ataona nini. Kwa mnunuzi jambo hili ni la kiufundi kabisa: usinunue kamera inayohifadhi kwenye kumbukumbu ya ndani pekee. Kamera hiyo ikitoka nyumbani kwa bibi harusi, harusi yote inatoka nayo. Yenye kadi unaichomoa hapohapo na kuikabidhi kwa mama wa bibi harusi, naye akaifungia kabatini. Uliza pia nani atashika kamera. Kama ni binti wa nyumbani, uzito na ukubwa wa vitufe umfae yeye, wala si kaka yake.

Kadi zenyewe hazihitaji maneno mengi. Video ya AVCHD ya megabiti 17 kwa sekunde huchukua karibu gigabaiti 7.6 kwa saa, kwa hiyo kadi ya 64 inakaa na siku nzima ya harusi. Kamera ikigawanya rekodi ndefu katika vipande vya gigabaiti 4, usidhani imeharibika. Ndivyo kadi za mfumo wa zamani zinavyoandikwa. Vikopi vyote kwa pamoja, usiruke kimoja.

Umeme kijijini kwa watu wengi ni wa sola, na hapo CX405 niliyoiacha kaunta inapata heshima yake: ina waya wa USB ndani ya mkanda wake na huchajika kwa chochote kinachochaji simu. Kamera nyingi za zamani hutaka chaja ya ukutani. Uliza. Betri nazo, zile bandia za Sony hukubali kuingia kisha kioo hutangaza kwamba mashine inataka betri ya asili, na inazima. Jaribu betri mbele ya muuzaji, kwa dakika kumi, siyo kwa kuwasha tu.

Wengi watauliza kwa nini wasitumie simu. Simu ya kisasa inapiga picha nzuri kuliko kamera nyingi za dola 200, na anayetaka dakika tano za kutuma kwa ndugu hana sababu ya kununua kitu kingine. Kamera ya video hushinda kwa vitu vitatu: betri ya kubadilisha, tundu la maiki, na kurekodi bila kukatika. Jihadhari na kamera za picha zilizotengenezwa kwa ajili ya soko la Ulaya, ambazo nyingi za zamani hujizima kwenye dakika 29 na sekunde 59, kwa sababu ushuru wa forodha wa huko ulitoza zaidi kifaa kinachorekodi nusu saa. Mzee huwa ndiyo kwanza anafika kwenye kisa.

Dola 300 mimi ningezigawa hivi: 160 kwa Canon ya mtumba yenye tundu la maiki na 50i, 25 kwa maiki na sponji, 35 kwa betri mbili za kweli, 30 kwa kadi mbili, 25 kwa mguu. Zilizobaki ni mfuko usioingiza maji na kitambaa cha kufutia chumvi kila jioni, maana chumvi ya bahari hula viunganishi kimyakimya.

Kamera za kaseti ziacheni, hata zikiwa za bure, isipokuwa moja. Kama nyumbani kuna sanduku la kaseti za Video8 au Hi8 za miaka ya 1990, za Jomvu, tafuta Sony ya Digital8 ya mwanzomwanzo, aina iliyotoka kuanzia 1999. Nyingi kati ya hizo husoma kaseti zile za zamani na kuzitoa kidijitali kwa waya wa FireWire. Kompyuta za sasa hazina tundu hilo, kwa hiyo tafuta na kompyuta ya mezani ya zamani iliyo nalo, unakili kwanza kaseti zenye sauti za watu, za ngoma zifuate.