Dagoretti ya Nani? Kuunganisha Majedwali Yasiyojuana

Sensa ya Kenya ya 2019 ilihesabu watu 434,208 Dagoretti, Nairobi. Katika orodha ya maeneobunge ya Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka (IEBC), Dagoretti haimo. Iliyopo ni Dagoretti Kaskazini na Dagoretti Kusini, kila moja na wadi tano: Kilimani, Kawangware, Gatina, Kileleshwa na Kabiro upande mmoja, Mutu-ini, Ngando, Riruta, Uthiru/Ruthimitu na Waithaka upande wa pili. Anayetaka kujua watu wangapi wanahudumiwa na zahanati ngapi, chini ya mbunge yupi, hana budi kuyaweka pamoja majedwali ambayo hayakutengenezwa yajuane.

Tuanze na kazi nyepesi. Una jedwali la shule na jedwali la vituo vya afya, nawe unataka orodha moja ya huduma za umma Dagoretti. Hapa hutafuti uhusiano wowote kati ya shule na zahanati; unapanga mistari ya jedwali moja chini ya mistari ya jingine. SQL, lugha ya kuuliza hifadhidata, ina amri ya kazi hiyo:

SELECT jina, wadi, 'shule' AS aina, NULL AS vitanda FROM shule
UNION ALL
SELECT jina, wadi, 'afya', vitanda FROM vituo_vya_afya;

Idadi ya safuwima lazima ilingane pande zote mbili, ndiyo maana shule, ambayo haina hesabu ya vitanda vya wagonjwa, imepewa NULL, alama ya thamani isiyopo. Safuwima ya aina tumeiongeza wenyewe, na bila hiyo hutajua tena mstari upi umetoka wapi. Kumbuka pia kwamba amri hii hulinganisha safuwima kwa nafasi, wala haitazami majina. Ukitanguliza wadi mbele ya jina katika sehemu ya pili, Riruta itaingia kwenye orodha ya majina ya taasisi, na hutaona onyo lolote, kwa kuwa zote ni maandishi. Ukichanganya maandishi na namba katika safuwima moja, mfumo wa hifadhidata wa PostgreSQL utakataa. Mifumo ya MySQL na SQLite itapokea tu. Mimi naupenda ukali wa PostgreSQL.

Na ukiandika UNION bila ALL, mistari inayofanana kabisa hubaki mmoja. Zahanati mbili za jina moja na idadi sawa ya vitanda katika wadi ya Kawangware, zisipotofautishwa kwa namba ya usajili, zitahesabiwa kama moja.

Ugumu wenyewe huja tunapoleta idadi ya watu. Shirika la takwimu la taifa, KNBS, lilitoa matokeo ya sensa ya Nairobi kwa kaunti ndogo 11. IEBC ina maeneobunge 17. Mwandishi mwenye haraka huandika JOIN, amri ya kuoanisha mistari ya majedwali mawili, kwa kulinganisha majina. Dagoretti, Embakasi na Njiru hazina jina linalolingana nazo herufi kwa herufi upande wa IEBC, basi JOIN ya kawaida inaziacha nje kimya kimya. Jumlisha walioachwa: 434,208, 988,808 na 626,482. Ni watu 2,049,498 kati ya 4,397,073 wa jiji zima, karibu nusu ya Nairobi. Na kama upande mmoja umeandika Lang'ata na mwingine Langata, wengine 197,489 wanawafuata. LEFT JOIN, inayobakiza kila mstari wa jedwali la kwanza (hapa la sensa), ingalau ingekuonyesha pengo, kwa kuacha NULL mahali pa jibu.

Akiliona pengo, mwandishi huyo hulegeza sharti: jina lolote linaloanza na Dagoretti likubaliwe. Sasa mstari mmoja wa sensa unashikana na maeneobunge mawili, kila moja linapewa watu 434,208, na jumla inakuwa 868,416. Embakasi, yenye maeneobunge matano, inafikia 4,944,040, kupita Nairobi yote. Kosa la Embakasi litashtua mtu yeyote. La Dagoretti linaweza kupita na kuingia kwenye ripoti, kwa sababu namba yenyewe inaaminika.

Hatari zaidi ni majina yanayolingana. Kasarani ipo pande zote mbili, na JOIN inafaulu bila tatizo. Lakini Roysambu na Ruaraka, ambazo ni maeneobunge kamili, hazimo katika zile kaunti ndogo 11. Wakazi wake wamehesabiwa chini ya majina mengine. Herufi zimelingana, mipaka haikulingana.

Chanzo cha kutolingana huko kinajulikana. Hadi uchaguzi wa 2007 Nairobi ilikuwa na maeneobunge manane, Dagoretti likiwa moja. Mipaka iliyochorwa upya mwaka 2012 ilitumika kwanza katika uchaguzi wa Machi 2013. Maeneobunge yakagawanywa, huku kaunti ndogo za utawala zikifuata njia yake.

Dawa ni jedwali la tatu, la daraja. Shuka hadi kitengo kidogo kabisa ambacho sensa ilikitolea hesabu, yaani lokesheni ndogo, kisha ukiandikie kila kimoja wadi yake kwa namba, si kwa jina, maana Mutu-ini ya IEBC na hospitali ya Mutuini hazitakutana kamwe kwa herufi. Kitengo kinachokatwa na mpaka kigawanywe kwa ramani, na mgao uandikwe waziwazi. Weka pia tarehe ya mpaka uliotumika, kwa kuwa Katiba inataka mipaka ipitiwe kila baada ya miaka 8 hadi 12.

Jedwali hilo halifai kujengwa upya na kila mtafiti, kila mwanahabari na kila afisa wa kaunti, kila mmoja kwa makosa yake. KNBS na IEBC zilitengeneze pamoja na kulitoa hadharani. Kabla ya siku hiyo, yeyote anayechapisha namba ya Dagoretti aandike kando yake kama ni ya sensa au ya uchaguzi, na ya mwaka gani.