Siri, Uongo na Msamaha wa Ndoa katika Mchezo wa Televisheni

Wahenga walinena kuwa siri ya mtungi aijuaye ni kata. Methali hiyo ndiyo iliyoupa jina mchezo wa televisheni uitwao Siri ya Mtungi, ambao watazamaji wa Tanzania walianza kuuona mwaka 2012. Jina hilo lina hekima. Mtungi hukaa pembeni mwa nyumba ukiwa umefunikwa, na mgeni apitaye hawezi kujua kama umejaa au umekauka. Kata, iingiayo na kutoka kila siku, ndiyo ijuayo kina cha maji. Katika ndoa tungetazamia kuwa kata ni mke kwa mume, na mume kwa mke. Lakini palipo na uongo mambo hugeuka: majirani hujua, mashoga hujua, na yule alalaye ubavuni huwa wa mwisho kuambiwa. Hapo ndipo mchezo huu unapopata nguvu yake.

Mandhari ni Bagamoyo. Mhusika mkuu, Cheche, ni kijana mpiga picha mwenye mke aitwaye Cheusi, na ndoa yao hutikiswa na yale ambayo mume anayaficha. Kazi aliyopewa mhusika huyu inafaa sana. Mpiga picha hupata riziki yake kwa kupanga sura za watu: humwambia huyu acheke, yule asogee, na kasoro hubaki nje ya picha. Mtu wa namna hiyo akianza kuipanga na sura ya ndoa yake mwenyewe, mtazamaji hahitaji kuhubiriwa. Fani yenyewe imekwisha kusema.

Sifa nyingine ya mchezo wa mfululizo ni muda. Uongo wa ndoa hauzaliwi mkubwa. Huanza kwa neno moja la kuficha saa ya kurudi nyumbani, kisha huhitaji neno la pili la kulilinda lile la kwanza. Ukuaji huo huonekana vema zaidi juma hadi juma kuliko kwa saa moja jukwaani. Radio Tanzania ililithibitisha jambo hilo tangu mwaka 1993, kabla televisheni haijaanza Tanzania Bara, ilipotangaza mchezo wa Twende na Wakati. Wasikilizaji walimfuata Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake njiani, hadi alipoambukizwa virusi vya UKIMWI. Wakamsikia na mkewe, Tunu, akijifunza kujitegemea.

Kwetu sisi wakazi wa Miembeni, mjini Bukoba, maudhui haya si burudani tupu. Ni katika Mkoa wa Kagera ambamo wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mwaka 1983. Katika miaka iliyofuata, siri ya mume au ya mke haikuvunja moyo tu. Iliongeza makaburi migombani, na nyumba zikabaki na bibi na wajukuu. Aliyeyashuhudia hayo hawezi kuutazama uongo wa ndoa na kuucheka kama ujanja wa kijana.

Lakini tufikapo kwenye msamaha, michezo yetu mingi ya televisheni hudhoofika. Mkosaji hupiga magoti, machozi hutoka, muziki hupanda, wawili hukumbatiana, na mambo yamekwisha. Msamaha huo ni rahisi mno. Tuulinganishe na riwaya ya Aniceti Kitereza, Mkerewe, jirani yetu wa ziwani, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, iliyochapishwa kwa Kiswahili mwaka 1980. Bugonoka alichukuliwa na wazazi wake kwa sababu ya masimango ya ndugu wa mume. Myombekere hakurudishiwa mke kwa machozi. Alitozwa pombe ya ndizi, akaihangaikia kwa jasho na kuifikisha kwa wakwe. Msamaha ule ulikuwa na kazi, muda na mashahidi. Wahaya nao wanalielewa jambo hilo, kwani kwao agano la udugu lilifungwa kwa buni za kahawa, wala si kwa maneno matupu.

Hata hivyo, tusiikumbatie mila bila kuihoji. Wazee walidai pombe. Hawakudai ukweli daima. Mke aliweza kurudishwa nyumbani akiwa hajui anarudishiwa nini. Zama za UKIMWI ziliufichua upungufu huo kwa ukatili mkubwa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilitaka ugomvi wa ndoa ufikishwe kwanza kwenye Baraza la Usuluhishi kabla ya talaka kuombwa mahakamani. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 ikamtaka mtu aliyepimwa na kujijua kuwa ana virusi amweleze mwenzi wake mara moja. Ya kwanza hulinda upatanisho, ya pili hulinda ukweli, na ndoa huhitaji yote mawili.

Basi huo ndio mtihani tunaopaswa kuwapa watunzi wetu. Haitoshi kuuliza kama mume na mke walipatana mwishoni. Tuulize: je, aliyedanganywa aliambiwa yote kabla ya kuombwa asamehe? Je, mkosaji alilipa kitu, au alilia tu? Na je, yule aliyekataa kusamehe alipewa heshima yake na mtunzi, au alifanywa mtu mwenye roho ngumu? Mchezo utakaoyajibu maswali hayo kwa vitendo vya wahusika wake utakuwa umeuongezea utamaduni wa taifa hazina ya kweli, na watu wa mkoa huu watautambua kuwa unawahusu.